Mawe ya City Park na goti la shosho

Mhariri, mmeuliza wiki hii: vijia vya zamani vya City Park virudishiwe mawe yake au viwekwe kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini? Mawe, bila shaka. Kabro zimejaa Nairobi nzima, kutoka maegesho hadi nyua za makanisa. Na bustani hiyo, baada ya kumegwamegwa na wanyakuzi wa ardhi, ilitangazwa turathi ya taifa 2009. Turathi gani ya kabro?

Lakini nawaza siku moja ya 2012. Shosho, nyanya yangu, alitoka Murang'a kuangaliwa macho hospitalini, tukaambiwa turudi saa tisa. Nikampeleka City Park tukae kivulini na njugu zetu za shilingi ishirini. Kufika kwenye kijia cha mawe, akavua viatu. Niliona haya kidogo, watu walikuwa wakipiga picha. Akainama, na mtoto wa jicho wake huyo, akapapasa ukingo wa jiwe kwa kidole gumba. "Hii ni tindo," akasema. Guka, babu yangu, alichonga mawe kwa tindo huko Ndarugo miaka mingi, na shosho ndiye aliyempelekea uji machimboni. Akanionyesha vijishimo vilivyofuatana kama mshono. Jiwe la pili akalihukumu: "Huyu alikuwa na haraka." Tukaenda hivyo, jiwe kwa jiwe, karibu saa nzima. Kima akashuka, akapokonya njugu pamoja na mfuko. Shosho akamtukana kwa Kikuyu huku bado anapapasa.

Wakati wa kutoka, mkongojo ukanasa pale mzizi ulipoinua jiwe. Akaanguka kwa goti. Vijana wawili waliokuwa wakielekea kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, humo bustanini, wakamwinua. Hospitalini tulifika na kesi mbili.

Hadi anafariki alisimulia ile tindo. Goti hakulitaja kamwe. Aliyekuwa akilikanda usiku ni mimi.

Basi ile "bila shaka" naifuta. Njia kuu kutoka Limuru Road iwekwe kabro, mwenye kiti cha magurudumu naye apite, mradi zisiwe zile zinazobonyea mvua ya kwanza. Mawe ya vijia vya ndani yang'olewe taratibu, yatiwe namba kwa chaki, yapangwe upya juu ya mchanga ulioshindiliwa. Mzizi usikatwe, kijia ndicho kizunguke. Na kama fundi atakayepewa kazi hajui tindo ni nini, asiguse kitu.

Msomaji wenu, Ngara