Kuahirisha PhD: anza na mfadhili

Ndugu, umeuliza kama unaweza kusimamisha PhD mwaka mmoja kwa sababu mwajiri anakuita kazini, bila kupoteza ufadhili. Ruhusa ya chuo na ya mfadhili ni vitu viwili. Mmoja akikubali, mwingine halazimiki. Soma mkataba, hasa kipengele cha ajira, maana wafadhili wengi hukataza kazi ya muda wote. Omba kwa maandishi kabla hujaondoka, na uulize: posho itasimama tu, au miezi yake itaendelea kuhesabika hata kama hulipwi? Hapo ndipo watu huumia. Ukiwa unasoma ugenini, viza nayo hutegemea usajili wako chuoni. Msimamizi wa utafiti wako aambiwe mapema. Mimi nilichelewa kumwambia wangu (aibu tu), niliporudi nikakuta ana wanafunzi wapya, hana muda nami.