Breki za Lori Huchoka Kabla Hazijakataa

Lori kubwa likipinduka mteremkoni, maelezo ya kwanza kutolewa huwa ni kwamba breki zilikataa. Katika miaka niliyoendesha malori ya tela nilijifunza kutoridhika na maelezo hayo, si kwa sababu ni ya uongo, bali kwa sababu huanza kuisimulia ajali ikiwa inakaribia kwisha.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 36 likiteremka mlima mrefu huku dereva amekanyaga breki mfululizo, ngoma za breki hupata moto na kutanuka, msuguano hupungua, na hatimaye anakanyaga bila kasi kushuka. Ndiyo maana gia ya chini huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Anayesubiri mpaka lori lishike kasi huenda gia ikagoma kuingia, akabaki anaserereka bila msaada wa injini.

Mara nyingi kosa hilo hufanywa na mtu aliyechoka, na uchovu wenyewe hupangwa ofisini. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa 4 na nusu, kipimo ambacho ningemshauri dereva yeyote akifuate hata pasipo na wa kumlazimisha. Tajiri anayedai mzigo ufike kwa muda usiowezekana bila kukesha ana sehemu yake katika ajali, ingawa jina lake halitajwi. Mzigo nao una hila zake: tangi lililojaa nusu huyumba kuliko lililojaa, kwani mafuta husukumana upande mmoja kwenye kona na kulivuta lori.

Wewe wa gari dogo, kumbuka kwamba lori lililobeba mzigo kamili, likiwa katika kilomita 105 kwa saa, huhitaji takriban mita 160 kusimama. Nafasi ambayo dereva ameiacha mbele yake ni ya kusimamia, hivyo usijichomeke humo. Usipoviona vioo vyake, yeye hakuoni. Na tangi la petroli likipinduka, usilisogelee kwa kuchota wala kutazama: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuwashwa na cheche iliyo mbali. Zima injini, ondoka kwa miguu kuelekea upepo unakotoka, kisha wazuie wanaokuja nyuma yako.