Darasa la video la kisukari: wagonjwa Walatino wameacha kuingia, tufanyeje?

SWALI: Mimi ni muuguzi niliyetoka Afrika Mashariki, na sasa niko katika kituo cha afya cha jamii mjini Houston, Texas. Wagonjwa wetu wengi wa kisukari aina ya pili ni Walatino, hasa kutoka Meksiko na El Salvador. Tulianzisha darasa la video kila Jumanne saa nane mchana, tukatafsiri vipeperushi vyetu vyote kwa Kihispania. Kufikia wiki ya nne, robo tatu ya watu hawaingii tena, na kwa waliobaki kipimo cha A1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu hivi, hakijasogea. Daktari wetu anasema teknolojia imewashinda. Tatizo ni simu zao au ni sisi? Na timu ipangweje?

JIBU: Dada muuguzi, simu ni sehemu ndogo sana ya tatizo hili. Huko San Diego, mradi wa Dulce, unaowaunganisha wauguzi na wahudumu wa jamii, uliwahi kupima njia nyepesi kuliko video: ujumbe mfupi wa kawaida, kwa Kihispania au Kiingereza, mara mbili tatu kwa siku mwanzoni kisha ukipungua. Walatino 126 walishiriki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaonyesha kuwa baada ya miezi sita wastani wa A1c wa waliopata ujumbe ulishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 8.5, huku wenzao wa kundi la kulinganisha wakiishia kwenye 9.4. Hapakuhitajika simu janja wala programu ya kupakua.

Tatizo ni kwamba darasa lenu linafundisha lakini halitibu. Mgonjwa anapima sukari asubuhi, anaona 230 (kwa mg/dL, kipimo cha Marekani), anaitaja darasani, anapongezwa kwa kupima, kisha anarudi kwenye dozi ileile mpaka amwone daktari baada ya miezi mitatu. Mtu anayelipwa kwa saa hawezi kuacha kazi saa nane mchana kwa ajili hiyo. Hamisheni kipindi kiwe saa moja jioni, lakini kabla ya ratiba jibuni swali moja: nani kwenye timu ana ruhusa ya kubadili dozi kati ya miadi, na ndani ya saa ngapi tangu namba ifike?

Jibu hilo liwe kwenye karatasi. Daktari asaini mwongozo wa dozi, na mfamasia au muuguzi aufuate kwa kadiri leseni yake na sheria za Texas zinavyoruhusu. Kwa insulini ya muda mrefu, kawaida ni kuanza na yuniti 10 kwa siku, au yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Ongezeni yuniti 2 kila siku ya tatu mpaka sukari ya kuamkia iwe kati ya 80 na 130. Ikishuka chini ya 70 bila sababu inayoeleweka, punguzeni dozi kwa asilimia 10 hadi 20. Timu nyingi hukosea hapa: zinaendelea kuongeza insulini hiyo ya muda mrefu ilhali sukari ya asubuhi imeshakaa sawa na inayopanda ni ya baada ya chakula. Dozi ikikaribia yuniti 0.5 kwa kilo, simameni mtazame namba za saa mbili baada ya mlo. Metformini ianze na miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, iongezwe 500 kila wiki hadi 2,000 tumbo likivumilia. Isianzishwe kwa mtu ambaye kipimo cha figo cha eGFR kiko kati ya 30 na 45, na chini ya 30 haitumiki kabisa.

Kama ulizoea milimoli tangu nyumbani, gawanya kwa 18: 180 ya Marekani ni 10, na 70 ni 3.9. Fanya hesabu hiyo kichwani tu. Mwongozo na daftari la mgonjwa vibaki na kipimo kimoja, mg/dL, maana kuchanganya vipimo viwili ndani ya timu moja kunaweza kumdhuru mtu.

Sasa timu. Mtu muhimu kuliko wote ni promotora, yaani mhudumu wa afya ya jamii anayetoka katika jamii ileile ya wagonjwa. Texas ina cheti rasmi cha kazi hii, na mafunzo yake ni saa 160. Msimfanye mkalimani wala karani wa miadi. Kazi yake ni kujua kwamba Bwana fulani hajanunua dawa kwa sababu kodi ya nyumba imepanda, au kwamba mama fulani anameza nusu ya kidonge ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Habari kama hizi hazisemwi mbele ya daktari kwa sababu ya respeto: mgonjwa huitikia kila anachoambiwa kwa adabu, na kuitikia kwake si kukubali. Zinasemwa kwa mtu ambaye confianza, yaani kuaminiana, imeshajengwa naye.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya kipindi cha kwanza, promotora ampigie kila mgonjwa simu ya kawaida kwa dakika 20. Amtumie kiungo cha video kwa ujumbe mfupi, waingie pamoja, ajue bando lake linatosha au la, na mgonjwa ahifadhi namba ya kupiga kwa sauti tu iwapo picha itakwama. Kipimo cha sukari kiwe mkononi mwa mgonjwa na kiwe kimeshajaribiwa siku hiyo. Ukiruka hatua hii, nusu saa ya kwanza ya darasa itaisha kwa watu kuulizana kama wanasikika, na wiki ya pili hawarudi.

Baada ya promotora wapo muuguzi au mwelimishaji wa kisukari, mfamasia, mtaalamu wa lishe, na daktari anayekutana na timu nusu saa kila wiki kupitia orodha ya namba mbaya. Namba yoyote iliyo nje ya mipaka iwe imejibiwa kwa uamuzi ndani ya saa 72: dozi imebadilishwa, au haikubadilishwa na sababu yake imeandikwa.

Kipindi chenyewe kiwe cha saa moja, watu wanane hadi kumi. Mwalikeni anayepika nyumbani, awe mke, mama au binti, kwa sababu katika familia hizi mgonjwa hali chakula chake peke yake. Hili ndilo jambo ambalo video inalifanya vizuri kuliko kliniki: jiko liko pale pale. Mwambieni mtu alete tortilla anayokula kweli, apime upana wake kwa rula mbele ya kamera. Tortilla ya mahindi ya inchi 6 ina wanga wa gramu 15 hivi. Ya unga wa ngano ya inchi 10 ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Thuluthi moja ya kikombe cha wali uliopikwa ni gramu 15, nusu kikombe cha maharage vilevile, ila maharage yana nyuzinyuzi na protini, sukari haipandi kwa kasi ileile. Pupusa ya Wasalvador ni masa, yaani donge la unga wa mahindi, nene yenye kujazwa, kwa hiyo isihesabiwe kama tortilla moja. Soda ya mililita 355 ina sukari ya gramu 39 hivi, na mara nyingi hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kugusa chakula ambacho mtu amekipenda tangu utotoni. Kipeperushi kinachomwambia mama wa Kimeksiko aache tortilla ale mkate wa ngano nzima kinatupwa, na ni haki yake kukitupa.

Hapa ndipo tafsiri inapoachana na huduma inayowafaa wenyewe. Walatino si watu wa sahani moja. Utafiti mkubwa uliofanyika Bronx, Chicago, Miami na San Diego, wenye watu zaidi ya 16,000, ulikuta kisukari kwa asilimia 10.2 ya wenye asili ya Amerika Kusini na 18.3 ya wenye asili ya Meksiko. Siku mkipata wagonjwa kutoka Puerto Rico au Jamhuri ya Dominika, mifano ya tortilla iwekeni kando. Sahani yao utaitambua upesi kuliko wenzako: gandules ni mbaazi, yuca ni muhogo, na mangú ni ndizi mbichi za kupika zilizopondwa. Kwao hesabu ya wanga inaanzia kwenye wali na ndizi.

Sikilizeni pia maelezo yao ya ugonjwa. Wengi husema sukari iliwaingia baada ya susto, fadhaa kubwa kama ajali au msiba. Usibishane. Muulize susto ilitokea lini na kwa sasa ni nini kinachompa mawazo, maana fadhaa kweli hupandisha sukari, na mazungumzo hayo hufungua mlango wa kuuliza habari za huzuni na usingizi. Hofu ya insulini inahitaji jibu la wazi zaidi. Mgonjwa amemwona shangazi yake akianza insulini na baada ya mwaka akapofuka, akaunganisha mambo hayo mawili. Mwelezeni kwamba macho yaliharibiwa na miaka ya sukari iliyo juu, na insulini ilifika kwa kuchelewa. Hapo hapo mpangieni tarehe ya kupimwa macho.

Kwenye dawa, kaeni macho na mambo mawili. La kwanza ni jina. Glibenclamida inayonunuliwa Meksiko, mara nyingi ndani ya kidonge kimoja na metformini, ndiyo glyburide ya Marekani, na ni ileile glibenclamide tunayoijua Afrika Mashariki. Mtu anaweza kumeza ya ndugu yake aliyetoka Monterrey pamoja na ya kliniki yenu, akaanguka usiku kwa sukari kushuka. Katika kipindi cha kwanza kila mmoja aoneshe mfamasia kila chupa na kila majani anayochemsha, faraghani, bila kukaripiwa. La pili ni lebo. Neno la Kiingereza once, lenye maana ya mara moja, kwa Kihispania ni kumi na moja. Lebo ziandikwe kwa Kihispania, na mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyomeza. Wakubwa waitwe usted, yaani “wewe” ya heshima, na watoto wasitumike kutafsiri. Sheria ya afya ya Marekani inakataza kumtegemea mtoto kwa kazi hiyo isipokuwa katika dharura.

Kila mgonjwa anayetumia insulini au glyburide ajue kanuni ya 15 kabla ya kuongezwa dozi: chini ya 70 anywe nusu kikombe cha juisi, asubiri dakika 15, apime tena. Soda ya dayati haisaidii, na baadhi ya nyumba zina hiyo tu kwenye friji. Akiwa amechanganyikiwa au hawezi kumeza, familia ipige 911. Sukari inayokaa juu ya 300 pamoja na kutapika si ya kusubiri kipindi cha Jumanne.

Kuhusu WhatsApp: najua wote wako huko. Itumieni kwa kukumbusha saa ya kipindi, bila jina la ugonjwa wala namba. Matokeo na picha za dawa zipite kwenye mfumo ambao kampuni yake imesaini na kliniki mkataba wa kulinda taarifa za afya. Nafuu ya kutumia programu zisizo na mkataba huo, iliyotolewa wakati wa korona, iliisha mwaka 2023. Hali ya uhamiaji msiiulize kamwe, na semeni hivyo waziwazi siku ya kwanza. Kabla ya maswali ya huzuni au ya nyumbani, mhamisheni mgonjwa chumba cha pembeni cha video, muulize kama yuko peke yake, na mkubaliane neno la kukatisha mazungumzo mtu akiingia.

Miguu, mkojo, damu ya figo na macho haviwezi kufanyika mtandaoni. Viwekwe siku moja kliniki, asubuhi mapema au Jumamosi, na A1c ichukuliwe siku hiyo hiyo kila baada ya miezi mitatu. A1c ikipingana na namba za nyumbani, msimshuku mgonjwa kwanza. Upungufu wa damu huipotosha, na kwa wagonjwa wenye asili ya Karibea chembe za selimundu huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Ulizeni maabara inatumia njia gani, na wakati mkisubiri jibu, pangeni dozi kwa namba za kipimo cha kidole cha nyumbani.