Siku moja Bangkok: Wat Arun na mitaa ya zamani ya mtoni

Habari mkuu, umesema ukishafunga mzigo unabaki na siku moja tu Bangkok na hujui mitaa ya mtoni uanzie wapi. Kwanza cheki nguo, hekaluni mabega na magoti yafunikwe, mimi nilikuwa na kaptula ikabidi ninunue suruali nyepesi njiani. Anza asubuhi hekalu la Wat Pho kwa sanamu ya Buddha aliyelala, urefu mita 46, halafu gati la Tha Tien panda kivuko uvuke mto Chao Phraya mpaka hekalu la Wat Arun, na ule mnara usogelee kabisa, umejaa vipande vya kaure vilivyopangwa kama maua, kwa mbali huvioni. Usiishie hapo aisee, chukua bajaji nenda mtaa wa Kudi Chin, kwenye vichochoro vya kanisa la Santa Cruz wazao wa Wareno bado wanaoka vikeki vya mayai na zabibu kavu, kula vikiwa moto.