Angel and Royal ya Grantham: 1203 ni ya kiwanja, sio ya ukuta

Kuna aliyesema ukuta wa mbele wa Angel and Royal, hoteli ya zamani mjini Grantham, Uingereza, ni wa mwaka 1203. Hapana mkuu, ule ukuta sio wa 1203. Huo mwaka ni wa nyumba ya wageni inayosemekana ilikuwepo kiwanja hichohicho enzi za Templar (wale watawa wapiganaji wa Kikristo wa Vita vya Msalaba), ila mawe unayoyaona leo ukisimama barabarani ni ya karne ya 15, tena mwishonimwishoni. Ukiangalia picha ya mbele ya hoteli vizuri, kuna lango la katikati la kupitisha farasi, juu yake kadirisha kametokeza nje, na chini ya hako kadirisha kuna malaika wa rangi ya dhahabu kashika taji, ndo jina la hoteli lilipotoka. Mfalme Richard III wa Uingereza mwenyewe alikuwepo hapo Oktoba 1483.

Mi niliwahi kupita mle langoni nikaingia uani, na hapo ndo unaona jengo lina viraka, mbele mawe halafu nyuma matofali ya karne ya 18, maana magari ya farasi ya London kwenda kaskazini yalikuwa yanasimama hapo kubadilisha farasi na abiria wanalala, sasa vyumba na mazizi ya zamani yangetosha wapi. Hilo neno Royal ndo geni kabisa, liliongezwa baada ya Prince of Wales (mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza) kufika 1866.

Ila usidhani kila jiwe la mbele ni orijino, karne zote hizo pameshafanyiwa ukarabati.