Shotigani mpya inagoma, kampuni kimya

Shikamoo mhariri. Mie mfugaji wa huku Sikonge, Tabora, kibali ninacho, nilinunua shotigani geji 12 dukani kwa hela ya ng'ombe wawili, sasa nikishapiga ganda linang'ang'ania kwenye mtutu mpaka nilichokonoe na kijiti. Nimewaandikia kampuni kule Marekani mara nne jamani, wananirudishia matangazo ya kofia na miwani! Fisi wanamaliza mbuzi. Nifanyeje?

Marahaba, pole sana ndugu yangu, hiyo inauma. Kwanza hicho kijiti acha kabisa, risasi nyingine inaweza kuwa bado imo ndani. Hao wa Marekani usiwategemee, maana sheria yao ya 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa iliziacha bunduki nje, kwa hiyo tume hiyo haiwezi kuwalazimisha wenye kampuni wazichukue tena zile mbovu walizouza. Wewe mbane aliyekuuzia, beba risiti na kibali, akikuzungusha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Na usimpe fundi wa magobore wa kijijini, hata kama ni shemeji yako, matengenezo ni ya mwenye leseni.