Kabla ya Kuandika Vita vya Anga za Mbali, Ingia Stoo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Urambo alinitumia ujumbe. "Shikamoo dada. Hadithi yako nimeimaliza usiku mmoja. Na mimi naandika ya wanajeshi wa Mirihi. Naomba orodha ya vitabu unavyotumia ili silaha zangu ziwe za ukweli."

Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile kwa sababu dukani kulikuwa na foleni, lakini swali hilo nimeulizwa na wengi tangu hadithi yangu ichaguliwe kuingia kwenye mkusanyiko mmoja wa hadithi, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Kwanza, kwa wale wanaosema nimebebwa. Hadithi hiyo hiyo, neno kwa neno, niliwahi kuipeleka kwenye shindano moja ambalo sitalitaja. Ilirudi na maandishi ya kalamu nyekundu: "Kisa kizuri, ila vita vya roketi si mazingira yetu. Andika unachokijua." Mimi nina duka la stesheneri hapa Mwanga, Kigoma. Ninachokijua kwa maana yake yeye ni kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kuuza bahasha za kaki. Basi niandike riwaya ya mashine ya fotokopi! Niliumia, na sitajifanya nimesahau. Kilichonichoma hasa ni hayo maneno "si mazingira yetu", kumwambia mtu wa mji huu.

Kwa sababu teremka tu hadi bandarini. Mwaka 1913 kule Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikapandishwa melini hadi Dar es Salaam, kisha reli ikaileta Kigoma. Walitumwa mafundi watatu kuja kuiunga upya. Iliposhushwa majini Februari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeshaanza, ikaitwa Graf von Götzen, na baadaye ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokuwa imeangamia kwenye delta ya Rufiji. Yaani mzinga wa baharini ukaja kufanya kazi Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Soma tena hapo kwenye grisi. Mtu anaizamisha meli yake huku anaitunza. Ukinionyesha mwandishi wa hadithi za anga aliyebuni kitu kitamu kuliko hicho, nitamchapia mswada wake bure.

Na upande wa pili, Waingereza walileta boti zao mbili, zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", kila moja kama mita 12. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, na reli ilipokwisha zikavutwa kwa mashine za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, halafu treni tena, halafu mto Lualaba, halafu treni. Zilifika ziwani Oktoba. Tarehe 26 Desemba zikakutana na boti ya Kijerumani, Kingani. Pambano lilichukua dakika 11.

Miezi ya kubeba, dakika 11 za kupiga. Mdogo wangu wa Urambo, hadithi yako nimeiona. Sura saba za kupiga, na hakuna hata aya moja ya kubeba.

Sasa orodha, maana najua ndiyo uliyoifuata. Kwa upande wa roketi, nenda kwenye tovuti ya Atomic Rockets ya Winchell Chung. Ni Kiingereza, ni ndefu, na itakukatisha tamaa mwezi wa kwanza. Kwa upande wa askari wa miguu, miongozo ya mafunzo ya jeshi la Marekani inapatikana bure mtandaoni. Tafuta ule wa platuni na seksheni, yaani vikosi vidogo vya askari. Niliuchapisha kwa mashine yangu mwenyewe, na bei ya wino ilinifanya niusome wote. Kwa istilahi, chukua kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya biolojia, fizikia na kemia, ya mwaka 1990. Basi. Wengine wana orodha za vitabu arobaini vya bunduki na vifaru. Sawa, wasome. Lakini kitabu cha bunduki kitakwambia risasi inafika umbali gani, hakitakwambia nani aliibeba na alikula nini asubuhi.

Hilo nilifundishwa na mzee mmoja jirani, aliyekwenda Uganda na jeshi letu mwaka 1979. Sasa anashona nyavu. Nilimpelekea sura ya tatu, ile ya mapigano kwenye mwezi wa Mirihi uitwao Fobosi, sura niliyoiringia sana. Akaisoma polepole, miwani yake mkono mmoja umefungwa uzi wa nyavu, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nikasubiri sifa. Akauliza, "Binti yangu, hawa askari wako wanajisaidia wapi?"

Nikanyamaza.

"Na huyu koplo, bunduki yake kaisafisha lini? Siku nne hizi sijaona." Kisha akaweka kidole kwenye mstari ambao luteni usu, afisa wa cheo cha chini kabisa, anamfokea stafu sajenti mbele ya makuruta. "Huyu mtoto kaja juzi. Stafu ana miaka kumi na tano jeshini. Atamwambia 'ndiyo afande' vizuri kabisa, halafu kesho viatu vya platuni nzima havitapatikana stoo."

Hiyo sentensi ya viatu nimeitumia kwenye hadithi iliyochaguliwa. Nilimuomba ruhusa na nikampelekea sukari kilo mbili. Kwa vita halisi mzee haongei sana. Anaongea kutembea. Anaongea mvua, soksi, na lori lililokwama na unga wa kombania nzima. Kitu pekee cha silaha alichonisimulia bila kuulizwa ni ile mitambo yetu ya kurusha makombora mfululizo, BM-21, ambayo askari wa Uganda waliibatiza Saba Saba. Angalia aliyeipa jina: yule inayemwangukia. Kwenye hadithi yako kila silaha ina jina la kiwandani, lenye herufi na namba, kama bati la usajili wa bajaji. Waachie adui wazibatize.

Tahadhari moja hapa. Waulize wastaafu, na waulize mambo ya viatu na chakula. Usimfuate askari aliye kazini kumhoji habari za kambi yake, na usiende kupiga picha geti la jeshi eti unafanya utafiti wa riwaya. Maelezo yako hayataeleweka, nakuhakikishia.

Turudi stoo. Mimi kabla ya kuandika sura yoyote ya vita naandika leja, daftari la vitu vilivyoingia na vilivyotumika. Chukua kombania ya watu 120, safari ya siku 30. Mtu mmoja anahitaji oksijeni kama kilo 0.84 kwa siku. Piga hesabu: ni tani tatu na kidogo, pumzi tu. Maji ya kunywa na kupikia, weka lita tatu kwa mtu, unapata lita 10,800, na hapo hakuna aliyefua soksi. Ndiyo maana kituo cha kimataifa cha anga kinasafisha hata mkojo ukanyweka tena. Sasa chombo chako kina mtambo wa namna hiyo. Una fundi wake? Akipigwa risasi huyo fundi, sura yako ya nane imejiandika yenyewe, na haina haja ya bomu.

Halafu joto. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoanguka, kwa sababu sinema zimewazoesha kwamba angani ni baridi tu. Chupa ya chai inatunza moto kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imenyonywa. Chombo chako kimezungukwa na utupu huo huo pande zote. Joto la injini, la kompyuta, la watu 120 wanaohema, halina pa kwenda isipokuwa kumulikwa nje polepole kupitia paneli kubwa bapa za kupozea, kama zile nyeupe za kituo cha kimataifa zinazopitishiwa amonia. Ukifyatua leza yenye ufanisi wa asilimia 30, basi kwa kila sehemu tatu za nguvu zinazomwendea adui, saba zinabaki kuwapika ninyi. Na paneli hizo haziwezi kuvikwa deraya za kukinga risasi, maana zikifunikwa hazipozi. Adui mwenye akili atazilenga hizo kwanza. Kujificha nako sahau: kitu cha moto mbele ya anga lenye baridi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri kinaonekana kutoka mbali sana.

Kingine, mzinga. Kingani ilikuwa na mzinga unaopiga mbele tu. Boti za Waingereza zilipotokea nyuma yake, ilibidi meli nzima igeuke ili ijitetee, na haikuwahi. Karibu miaka sitini baadaye Wasovieti walirusha kituo cha anga cha kijeshi, Salyut 3, mwaka 1974, kikiwa na mzinga mdogo. Nao ulikuwa umefungwa imara, kuulenga lazima ugeuze kituo kizima. Waliufyatua mapema mwaka 1975, wanaanga wakiwa wameshaondoka. Sijui mwamuzi wangu wa kalamu nyekundu angesemaje, lakini kwangu mimi hiyo ni Kingani imepaa. Nahodha wa hadithi yangu anakufa kwa sababu hiyo hiyo, na mazingira yake niliyatoa Ziwa Tanganyika, maji ninayoyaona nikifungua duka.

Na wewe uliye Urambo ndiyo kabisa huna kisingizio. Unaishi kwa Mtemi Mirambo! Mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, na yule msafiri wa Kizungu, Stanley, na bendera zake zote ikabidi azungukie kusini. Mirambo alijua pembe za ndovu zinapita wapi na lini, akakaa hapo. Safari ya Dunia na Mirihi nayo ina njia yake: nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana takribani kila baada ya miezi 26, na kila mtu mwenye kalenda anaijua. Atakayekaa kwenye njia hiyo na akiba ya oksijeni anaweza kushinda bila kufyatua chochote. Mwandikie jenerali wa namna hiyo. Mpe ugomvi na wapwa zake, mpe madeni. Na asitoe amri kwa redio kama yuko chumba cha pili, maana kati ya Mirihi na Dunia sauti inachukua dakika 3 hadi 22 kutegemea sayari zimekaaje. Amri ikifika, hali imeshabadilika, na luteni usu ndiye anayeamua.

Najua wapo watakaosoma hapa na kusema mbona hajatoa mbinu za uandishi. Vijana wa siku hizi mnataka mbinu kumi mnakili, mkaandike siku hiyo hiyo. Kaa na mzee. Kaa na kikokotoo. Andika leja kwanza, nimesema na narudia, leja kwanza. Usinitumie sura ya vita kabla sijaona orodha ya mizigo, sitaisoma. Na wale mnaobandika hadithi zangu kwenye magrupu mkifuta jina langu, nawafahamu, wawili ni wateja wangu.

Leja yenyewe mimi naiandika kwenye kaunta buku ya kwaya tatu, upande wa kushoto kilichoingia, kulia kilichotumika, na sahihi ya sajenti wa stoo kila ukurasa. Za kwaya mbili pia ninazo, ila kwa kombania nzima hazitoshi. Wa Urambo nitakutumia kwa basi ukilipia nauli ya mzigo.